Mwongozo Kamili wa Kuandika Wasifu wa Kitaaluma: Kutoka Faili Mama hadi Nakala ya Kutuma

Wasifu wa kuombea kazi ya kampuni na wasifu wa kuombea kazi ya chuo kikuu ni ndugu wa mbali. Ule wa kampuni hubanwa kwenye ukurasa mmoja au miwili. Wa kitaaluma ni daftari la kumbukumbu. Unabeba kila shahada, kila chapisho, kila kozi uliyofundisha na kila ruzuku uliyopata, na hurefuka kadiri mwenyewe anavyokomaa kazini. Anayemalizia shahada ya uzamivu huwa na kurasa mbili hadi nne hivi. Profesa wa miaka mingi akifikisha thelathini, hakuna wa kumshangaa. Urefu wenyewe hauna ubaya, ubaya ni kujazia.

Kabla ya kuandika, mfikirie atakayeusoma. Mjumbe wa kamati ya uteuzi ana rundo la maombi mbele yake, na katika duru ya kwanza hasomi, anatafuta. Je, huyu ana shahada tuliyoitaka, na aliipata lini? Anatafiti nini hasa? Amechapisha wapi, na katika kila chapisho kazi yake ilikuwa ipi? Amefundisha nini, ngazi gani? Nani anaweza kumsemea? Wasifu mzuri humpa majibu hayo bila kumlazimu akisie, na bila kumtia shaka. Shaka ndiyo hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu msomaji akikuta mstari mmoja uliotiwa chumvi, huanza kuipima upya mistari yote aliyokwisha kuipita.

## Hatua ya kwanza: jenga faili mama

Usianze na nakala ya kutuma. Anza na faili moja ambayo hakuna atakayeiona ila wewe, na humo weka kila kitu: mwezi na mwaka wa kuanza na kumaliza kila kazi, jina na namba ya kila kozi, idadi ya wanafunzi, saa za darasani kwa wiki, kiasi cha ruzuku pamoja na sarafu yake, kamati ulizokaa, majarida uliyoyahakikia makala, mihadhara uliyoalikwa kutoa. Baada ya miaka miwili hutakumbuka kama darasa lile lilikuwa na wanafunzi 40 au 90, na ukikisia, utakisia kwa kujipendelea. Dakika kumi na tano kila mwisho wa mwezi zinatosha kulisasisha.

Pembeni yake fungua folda ya ushahidi: vyeti, barua za uteuzi, barua pepe za makala kukubaliwa, mikataba ya ruzuku. Baadhi ya vyuo huziomba baada ya usaili, na aghalabu huzitaka ndani ya siku chache.

Machapisho yaweke kwenye programu ya marejeo, kwa mfano Zotero, ambayo ni ya bure. Faida yake utaiona siku tangazo likitaka mtindo mwingine wa marejeo. Utabadilisha orodha nzima kwa mara moja badala ya kuhamisha nukta na koma usiku kucha.

Pia jisajili ORCID. Ni namba ya tarakimu 16 inayomtambulisha mtafiti, inatolewa bure tangu 2012, na humfaa zaidi mwenye jina linalofanana na la wengi, aliyebadilisha jina, au ambaye jina lake huandikwa kwa mpangilio tofauti kila jarida. Ila ukiisajili, ijaze. Msomaji akibofya kiungo akakuta ukurasa mtupu, umemwonyesha kibanda kisicho na bidhaa.

## Hatua ya pili: soma tangazo kwa kalamu mkononi

Nakili faili mama, ipe nakala jina jipya, kisha chukua tangazo la kazi na upigie mstari kila sharti. Kwa kila sharti jiulize: jibu lake liko ukurasa wa ngapi wa wasifu wangu? Kama liko wa tano, lipandishe. Nafasi inayosisitiza ufundishaji inataka sehemu ya kufundisha ije mara tu baada ya elimu na ajira. Nafasi ya utafiti baada ya uzamivu inataka machapisho yawe pale. Maudhui hayabadiliki, kinachobadilika ni mpangilio na kiasi cha maelezo.

Angalia pia mipaka. Tangazo likisema kurasa mbili, ni mbili. Ya tatu inaweza isisomwe kabisa, au ikakutoa kwenye mchujo kabla hujapimwa kwa sifa zako. Wafadhili wa utafiti mara nyingi wana fomu zao: NSF ya Marekani hutaka wasifu mfupi unaoandaliwa kwenye mfumo wa SciENcv, na UKRI ya Uingereza hutumia wasifu wa kimaelezo ambao tutaurudia chini. Kuwapelekea daftari lako zima ni kuonyesha kwamba hukusoma maelekezo.

## Kichwa cha wasifu

Jina, cheo cha sasa, idara na taasisi, barua pepe, simu yenye msimbo wa nchi, ORCID, na tovuti kama unayo. Basi. Anwani ya barua pepe iwe ile ambayo haitakufa mkataba wako ukiisha, kwa sababu mchakato wa ajira za vyuo huweza kuchukua miezi kadhaa, na mwaliko wa usaili ukienda kwenye anwani iliyofungwa, hutajua kamwe.

Jina liwe lilelile linaloonekana kwenye machapisho yako. Kama liliwahi kubadilika, ongeza mstari mmoja: "amechapisha pia kwa jina la…" Vinginevyo msomaji akilitafuta jina lako jipya mtandaoni atapata nusu ya kazi zako.

Dini, hali ya ndoa, majina ya wazazi na namba ya kitambulisho havina kazi hapa. Picha na tarehe ya kuzaliwa hutegemea unakoomba. Marekani na Uingereza haviwekwi, kwa sababu waajiri wanaogopa tuhuma za ubaguzi. Ujerumani picha bado ni jambo la kawaida. Tangazo likinyamaza, viache.

Ile aya ya "lengo langu ni kupata nafasi katika taasisi yenye hadhi ili nikuze kipaji changu" ifute. Kila mtu ana lengo hilo. Mahali pake weka mistari miwili ya maeneo ya utafiti, na uyataje kwa karibu. Neno "isimu" peke yake halimwambii mtu kitu, lakini "mofolojia ya vitenzi vya Kibantu, hasa viambishi vya kauli" humwambia mara moja kama unajaza pengo alilonalo idarani.

## Elimu na ajira

Anza na shahada ya juu zaidi kushuka chini. Kwa kila moja: jina la shahada, fani, chuo, mji, mwezi na mwaka. Kwa uzamivu ongeza kichwa cha tasnifu na jina la msimamizi, maana katika fani nyingi jina la msimamizi humweleza msomaji umelelewa katika shule gani ya fikra. Ukishakuwa na uzamili, shule ya sekondari haina tena nafasi humu.

Ambaye hajamaliza uzamivu aseme hali yake kwa usahihi. "Tasnifu imewasilishwa, Machi 2026" si sawa na "utetezi unatarajiwa Juni 2026", na vyote viwili si sawa na "anaendelea". Kamati inataka kujua kama utakuwa na shahada siku ya kuanza kazi. Ukiandika "Dkt." mbele ya jina kabla ya kutunukiwa, hata kama zimebaki wiki tatu, umeandika uongo unaothibitika kwa simu moja.

Utafiti wa baada ya uzamivu ni ajira. Wengi huuweka chini ya elimu kwa kuwa bado wanajiona wanafunzi, na matokeo yake wasifu unaonyesha pengo la miaka miwili kwenye ajira huku jibu limejificha kwenye sehemu nyingine.

Vyeo viandike kama vilivyo kwenye mkataba. Ngazi za vyuo hazilingani duniani. Mfumo wa Kiingereza kwa desturi huanza na mhadhiri, wa Kimarekani huanza na profesa msaidizi, na neno "msaidizi" lina uzito tofauti katika kila mfumo. Ukiomba kazi nje ya mfumo wako, acha cheo cha asili kisha eleza kwa maneno machache: nafasi ya kudumu au ya mkataba, muda wote au nusu, saa ngapi za kufundisha. Usijipandishe cheo kwa kisingizio cha tafsiri.

Mapengo yaeleze kwa mstari mmoja. "Likizo ya uzazi, Machi 2021 – Februari 2022" inatosha. "Likizo ya ugonjwa" nayo inatosha, hudaiwi jina la maradhi. Msomaji akinyimwa maelezo hubuni yake, na hayo huwa mabaya kuliko ukweli. Isitoshe, maelezo hayo yanaweza kukufaa: Baraza la Utafiti la Ulaya, ERC, humwongezea mama miezi 18 kwa kila mtoto linapohesabu miaka tangu apate uzamivu.

## Machapisho

Hapa ndipo wasifu husimama au kuanguka, kwa hiyo tukae kidogo.

Kanuni ya kwanza ni kutochanganya. Makala yaliyopitiwa na wahakiki yawe na kichwa chao, vitabu vyake, sura za vitabu zake, makala ya makongamano yaliyohakikiwa yake. Mapitio ya vitabu, ripoti, tafsiri na makala ya magazeti yafuate mwishoni, chini ya kichwa kinachosema wazi ni nini. Anayetia makala ya gazeti katikati ya makala za majarida akitumaini hayataonekana, hudhaniwa kwamba hajui tofauti au kwamba anaijua na anaficha. Sijui lipi ni baya zaidi.

Mpangilio wa vichwa hufuata fani. Kwenye sayansi ya kompyuta makala ya kongamano lenye mchujo mkali yana uzito mkubwa, wakati mwingine kushinda jarida. Kwenye historia na fasihi, kitabu kizima ndicho mzani. Kwenye sayansi za tiba, jarida ndilo linalohesabika. Kinachothaminiwa na fani yako kitangulie.

Sasa tazama mstari mmoja kwa karibu. Huu ni mbovu:

*Makala kuhusu rutuba ya udongo, jarida la kimataifa, 2022 (tukiwa na wenzangu).*

Msomaji hana jina la jarida, hana kichwa cha kutafuta, hajui wenzako ni wawili au ishirini, wala wewe ulikuwa wa ngapi. Mstari uliokamilika una umbo hili:

*Mwandishi wa Kwanza, JINA LAKO na Mwandishi wa Tatu (2022). "Kichwa kamili cha makala." Jina Kamili la Jarida 14(2): 101–118. DOI.*

DOI ni kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni, chenye kubofyeka. Majina yote yafuate mpangilio uliochapishwa, na lako liandikwe kwa wino mzito ili jicho lilione. Kuna watu hulihamisha jina lao likatangulia, eti "kwa kuwa ni wasifu wangu". Usithubutu. Kubofya DOI kunachukua sekunde mbili.

Tatizo la nafasi ya jina ni kwamba maana yake hubadilika. Katika hisabati na uchumi waandishi kwa kawaida hupangwa kialfabeti, kwa hiyo kuwa wa tatu hakusemi chochote. Katika sayansi za tiba na biolojia, wa mwisho kwa kawaida ndiye mkuu wa maabara. Kama ombi lako litasomwa na watu wa fani mchanganyiko, weka sentensi moja juu ya orodha kueleza desturi ya fani yako. Waandishi wakiwa wengi mno, taja watatu wa kwanza kisha nafasi yako: "wa 12 kati ya 40". Mlioshirikiana uandishi wa kwanza mtiwe alama ya nyota na maelezo chini. Kwa kazi za timu kubwa unaweza kuongeza maneno machache ya ulichofanya. Mfumo wa CRediT, wenye majukumu 14 kama kubuni utafiti, kukusanya data, kuchambua na kuandika rasimu ya kwanza, unakupa msamiati tayari, na majarida mengi yameshauzoea.

Kinachofuata ni hali ya kazi ambayo haijatoka, na hapa ndipo wengi huteleza. Ngazi ni hizi. *Inaandaliwa*: bado iko mezani kwako. *Imetumwa*: jarida limeipokea, hakuna aliyesema lolote. *Inarekebishwa*: wahakiki wameijibu na mhariri ameomba uirudishe na marekebisho. *Imekubaliwa*: una barua ya mhariri mkononi. *Imechapishwa*: ina namba ya toleo au DOI. Usiruke ngazi hata moja. "Inarekebishwa" si "imekubaliwa kwa masharti" kama mhariri hakutumia maneno hayo.

Kwa makala zilizotumwa tu, ni busara kutotaja jarida. Likikataa, jina lake litabaki linaning'inia kwenye nakala ulizokwisha kutuma, na mwezi ujao utalitaja jingine kwa makala ileile. Na zile "zinazoandaliwa" zisizidi mbili, tena ziwe ambazo rasimu yake unaweza kuituma kesho asubuhi, kwa sababu kamati nyingine huziomba. Orodha ya makala saba zinazoandaliwa chini ya makala moja iliyochapishwa humwambia msomaji kwamba una mawazo mengi na humalizi.

Nakala za awali, yaani makala zinazowekwa wazi kabla ya kuhakikiwa, zilizowekwa kwenye hazina za mtandaoni kama arXiv, ambayo ipo tangu 1991, au bioRxiv, iliyoanza 2013, zina heshima yake katika fani nyingi. Ziwekee kichwa chake na kiungo. Makala ikichapishwa rasmi, ihamishe. Usiiache pande zote mbili ikahesabika mara mbili.

Chapisho la lugha nyingine liache kwa kichwa chake cha asili, kisha tia tafsiri ndani ya mabano ya mraba. Ukitafsiri kichwa na kukifuta cha asili, anayekitafuta hatakipata.

Je, uweke takwimu za kunukuliwa? Kielezo cha h, alichokipendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005, kinasema una makala h ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara h. Google Scholar na Scopus, hifadhidata zinazohesabu nukuu, hutoa namba tofauti kwa mtu yuleyule kwa kuwa hazihesabu vyanzo vilevile, kwa hiyo ukiiweka, taja chanzo na tarehe. Kipimo cha athari cha jarida, yaani wastani wa mara ambazo makala zake hunukuliwa, ni jambo jingine: Azimio la San Francisco, DORA, lililotungwa mwaka 2012, linapinga kukitumia kumpima mtafiti mmojammoja, na taasisi nyingi zimelisaini. Kukibandika mbele ya kila makala kunaweza kumchefua mjumbe anayelifuata azimio hilo. Ukiombwa, kitaje pamoja na mwaka wake. Usipoombwa, acha. Kwa anayeanza, namba ndogo hazimsaidii, wala hazihitaji kuonyeshwa.

Kuhusu majarida ya kitapeli, yale yanayolipisha na kuchapa chochote bila uhakiki wa kweli: wajumbe huyatambua haraka. Jarida la ufikiaji huria, yaani linalosomwa bure na yeyote, unaweza kulitafuta kwenye DOAJ, orodha iliyoanza 2003 na inayochuja majarida kabla ya kuyapokea. Kama tayari umechapisha kwenye jarida la aina hiyo, una njia moja safi: ita orodha yako "Machapisho teule" na uchague. Lakini kichwa kikisema "Machapisho yote", yawe yote.

## Ruzuku na tuzo

Kila ruzuku itaje mfadhili, jina la mradi, nafasi yako, kiasi na sarafu, mwaka wa kuanza na kuisha. Mradi ukiwa wa taasisi kadhaa, tenganisha jumla na fungu lako: "jumla 400,000, fungu la idara 65,000". Ukiandika jumla peke yake, msomaji atadhani ulisimamia zote, na kwenye usaili atakuuliza ulizisimamiaje. "Mtafiti mkuu" ni cheo cha mkataba. Aliyeandika nusu ya andiko la maombi bila kutajwa kwenye mkataba aandike "mshiriki katika kuandaa andiko". Ruzuku ndogo za nauli ya kongamano ni halali mwanzoni mwa kazi. Zikishakuja kubwa, ziondoe.

## Kufundisha

Hii ndiyo sehemu inayoandikwa kwa uvivu kuliko zote. "Nimefundisha kozi mbalimbali za shahada ya kwanza" haisemi kitu. Linganisha na hii:

*Utangulizi wa Takwimu, mwaka wa pili wa shahada ya kwanza. Mhadhiri mkuu wa kozi: mtaala, mihadhara na mitihani. Wanafunzi 85, saa 3 kwa wiki, mihula mitatu (2022–2024).*

Mstari mmoja umejibu ngazi, jukumu, ukubwa wa darasa, mzigo wa kazi na mara ngapi. Kozi uliyoifundisha mara tatu iandike mara moja na miaka yake, usiirudie kama nyimbo. Tofautisha kozi uliyoimiliki na semina uliyoiendesha chini ya mwingine, na kusahihisha pekee nako kuite kusahihisha.

Ukitaja tathmini za wanafunzi, weka mizani yake na waliojibu: "4.6 kati ya 5, waliojibu 61 kati ya 85". Wastani usio na idadi huzua swali la watu wangapi waliojibu.

Usimamizi wa wanafunzi uonyeshe ngazi, idadi, waliomaliza na wanaoendelea, na kama ulikuwa msimamizi mkuu au mwenza. Majina ya wanafunzi si lazima, na ukiyaweka, omba ruhusa yao kwanza.

## Mawasilisho, huduma na stadi

Mhadhara wa kualikwa utenganishwe na wasilisho uliloliomba mwenyewe, na wasilisho la mdomo litenganishwe na bango. Kongamano ulilohudhuria tu haliandikwi. Kwa uhakiki, taja majarida bila kutaja makala, kwa kuwa uhakiki ni siri. Lugha ziandikwe kwa ngazi zinazoeleweka, kwa mfano A1 hadi C2 za mfumo wa Ulaya. Stadi za maabara, uchanganuzi na programu ziwe zile ambazo ukiulizwa maswali matatu mfululizo utajibu. Kujua kuchapa barua kwenye kompyuta si stadi tena.

## Wadhamini

Kwa kawaida watatu: jina, cheo, taasisi, barua pepe, na uhusiano wenu kwa maneno machache. Waombe kwanza, uwape angalau wiki tatu, na uwatumie tangazo, wasifu na barua ya maombi ili waandike kuhusu nafasi hii, si kuhusu wewe kwa jumla. Msimamizi wa uzamivu akikosekana kwenye orodha ya anayeanza kazi, kamati itajiuliza. Kama mlikosana, tafuta mtu mwingine wa kamati yako ya tasnifu mwenye kuijua kazi yako, na jiandae na jibu fupi lisilomsengenya mtu.

## Wasifu wa kimaelezo

Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, ilitoa kielelezo chake cha wasifu huu mwaka 2019, na wafadhili kadhaa wameunda vyao. Badala ya orodha, unaeleza mchango wako katika maeneo manne: maarifa uliyoyazalisha, watu uliowakuza, jumuiya ya watafiti, na jamii pana. Mtego wake ni kwamba watu huandika sifa. "Nina shauku ya kukuza vijana" ni hewa. Kila aya iwe na dai, ushahidi na sehemu yako: ulianzisha semina ya uchambuzi wa data, imeendeshwa mara nane, nyenzo zake ziko wazi kwenye kiungo hiki, wewe uliandika mtaala na mwenzako aliendesha mazoezi. Andika ukiwa na faili mama wazi pembeni. Bila hiyo utaishia kwenye vivumishi.

## Umbo la ukurasa

Pambizo za sentimita 2.5, fonti moja ya ukubwa wa 11 au 12, vichwa vya wino mzito. Ukubwa wa karatasi ufuate unakopeleka: Marekani hutumia karatasi fupi na pana kidogo kuliko A4, na usipobadilisha, mistari ya chini hukatika ikichapwa. Miezi iandike kwa maneno. 05/03/2024 ni Machi kwa wengi na Mei kwa Mmarekani. Kila ukurasa uwe na jina lako na namba yake, kwa mfano "3 kati ya 6", maana karatasi zikianguka sakafuni zichanganyike, hakuna atakayekupigia simu kuuliza.

Epuka safu mbili, masanduku na vile vipimo vya rangi vinavyodai unajua Kifaransa kwa asilimia 70. Mifumo ya kupokea maombi husoma maandishi kwa mfuatano, na safu mbili huweza kusomwa zikiwa zimechanganyika.

Tuma PDF, isipokuwa ukiambiwa vinginevyo. Jina la faili liwe na jina lako: faili linaloitwa "wasifu mpya wa mwisho 3" litapotea miongoni mwa mengine ya aina yake. Fungua sifa za faili uone jina la mwandishi, kwa kuwa aliyeazima kiolezo cha rafiki mara nyingi hutuma na jina la rafiki. Hakikisha maoni na masahihisho ya pembeni yamefutwa.

## Ukaguzi kabla ya kutuma

Bofya kila kiungo. Linganisha miaka iliyo kwenye wasifu, barua ya maombi na ORCID. Tofauti ya mwaka mmoja kwenye tarehe ya shahada ni kitu kidogo mpaka mjumbe akione. Hesabu machapisho upya, kisha tazama kama idadi uliyoitaja kwenye barua inalingana.

Halafu mpe mtu asiye wa fani yako nakala iliyochapwa bila rangi, mpe dakika mbili, umnyang'anye. Muulize: ninatafiti nini, shahada ya mwisho ni ipi na ya lini, chapisho langu kubwa ni lipi, nimefundisha ngazi gani? Asilolijibu liko mahali pabaya. Usimweleze kwa mdomo, rudi urekebishe karatasi.

Makala ikikubaliwa baada ya kutuma maombi, andika barua pepe moja fupi kwa katibu wa kamati: jina lako, namba ya nafasi, marejeo kamili ya makala na tarehe iliyokubaliwa. Wakati uleule iingize kwenye faili mama, na barua ya mhariri uitie kwenye folda ya ushahidi.